Visiwa Vinne vya Ngano

Jumatatu, 1 Agosti 1983. Kambini.

Leo naanza kuandika. Daftari hili lilikuwa la kuandikia mafuta ya mashine, lakini mafuta yenyewe mwaka huu hayaonekani kila siku, basi kurasa zimebaki tupu. Mtu aliyetembea kama mimi (Moshi, Tanga, na ndani ya treni ya Korogwe) hawezi kufa bila kuacha maandishi. Shule niliishia darasa la sita. Darasa la saba lilikuwepo. Mwalimu ndiye hakuwepo.

Sulle ndiye mimi. Dereva wa kombaini Namba Saba, shamba la ngano la serikali. Katika ukoo wetu wote wa Endasak, watu wa mahindi na maharage, mimi ni wa kwanza kukaa juu ya mashine. Baba yangu huwaambia watu mnadani kwamba mwanawe anaendesha nyumba. Simsahihishi.

Sasa habari yenyewe. Tumbo.

Huu ni mwaka wa tatu. Linaanzia chini ya kitovu, upande wa kushoto, kama mtu anakamua nguo mbichi. Linajaa upepo. Linanguruma hadi watu wanageuka kutazama mawingu. Halafu mbio! Wiki moja ni mbio, wiki ya pili hakuna kitu, mlango umepigwa misumari, wiki ya tatu mbio tena. Nikishatoka nje napata nafuu ya saa moja. Nikiwa na wasiwasi linazidi. Na wasiwasi wangu mkubwa kuliko wote ni tumbo.

Asubuhi mnyapara wetu, Hermani, ametangaza mbele ya madereva wote: msimu huu mgonjwa hakai juu ya mashine. Atashuka akabebe magunia. (Mgonjwa abebe magunia! Sikuuliza.) Na kiti chake atapewa Nicodemo, dereva wa akiba. Huyu Nicodemo anatembea nyuma yetu na uma, anachomoa mabua yaliyokwama. Tumbo lake ni debe. Anakula mkate mzima, anapiga mbweu, halafu anatazama kiti changu.

Na hapa hakuna mti. Hakuna kichaka. Ukisimama unauona Mlima Hanang, ukichuchumaa Hanang nzima inakuona wewe. Leo nimesimamisha mashine mara mbili nikakimbilia korongo lililo mbali. Mashine tunakwenda tano kwa mstari, mimi natangulia. Nikisimama, wote wanasimama. Hermani ameandika kitu kwenye karatasi yake.

Lakini kichwa hiki hakikufika darasa la sita bure. Nimepata wazo.

Jumanne, 2 Agosti.

Nimeshinda! Wazo lenyewe hili hapa. Nikifika katikati ya shamba nakata kona, naacha kipande cha ngano kimesimama, ukubwa wa zizi la mbuzi. Mashine za nyuma zinafuata njia yangu kama kondoo. Mzunguko unaofuata nasimama kando ya kipande, nashuka na spana, nainama kama ninayesafisha visu. Natoweka! Ngano inafika kifuani. Aliye ndani ya Landrova barabarani anaona masuke yakiyumba tu. Dakika tatu, niko juu ya kiti, napiga mluzi.

Hermani aliuliza pale katikati pana nini. Nikamjibu: jiwe, mzee. Jiwe kubwa, lingevunja visu vyote. Akanisifu! Mbele ya watu! Kasema dereva mwenye macho ni huyu.

Nicodemo akadakia kwamba yeye amepanda ngano kwenye shamba hili tangu mwaka wa sabini na tisa na hajaona jiwe hata la ukubwa wa yai. Nikamwambia mtu wa akiba ana macho ya akiba. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi pia nilicheka, ila taratibu. Kicheko kikubwa siku hizi nakiogopa.

Jumatano, 3 Agosti.

Siku mbaya.

Chai ya kambini na mkate, kama kawaida. Saa mbili likaanza. Kisiwa cha leo nimekifanya kikubwa, karibu sawa na kanisa dogo, kwa sababu nilijua nitarudi. Nikarudi. Mara tatu. Mara ya tatu nilibaki nimeshika mabua kwa mikono miwili kama mama anayejifungua, jasho linatiririka, na hakikutoka kitu. Maumivu tu. Nilisikia mashine nne zinangoja nyuma yangu, injini zinanung'unika. Nikapanda. Nikapiga mluzi. Mluzi haukutoka sawasawa.

Jioni nilikwenda zahanati ya kambi kwa Sista Konsolata. Akaniminya hapa na pale, akauliza nimekula nini. Kila mtu anauliza nimekula nini! Mwaka wa kwanza walisema minyoo, nikanywa dawa, minyoo kama ilikuwepo iliondoka, maumivu yakabaki. Mwaka wa pili wakasema amiba. Mjomba wa mke wangu akasema kuna mtu wa Gitting amenikazia jicho kwa ajili ya mashine. Mama mkwe anasema nakula haraka. Hospitali kubwa walininywesha kitu cheupe kama chokaa, wakanipiga picha mbele na nyuma, wakanipa karatasi. Ninatembea nayo mfuko wa shati. Imeandikwa hakuna kilichoonekana.

Karatasi inasema sina ugonjwa. Tumbo halijui kusoma.

Sista Konsolata hakunicheka. Kasema yapo maumivu ambayo picha haiyaoni, na hayo pia ni maumivu. Kasema anaweza kuongea na Hermani nipewe kazi ya stoo, karibu na choo. Nilimshika mkono, nikamsihi kwa jina la Bikira Maria asimwambie mtu. Dereva wa Namba Saba akahesabu magunia matupu stoo! Akasema haya, Sulle, mwili ni wako.

Nikazunguka nyuma ya zahanati. Nilipata vumbi machoni. Naandika vumbi.

Alhamisi, 4 Agosti.

Leo limetokea jambo ambalo hata Tanga sijaliona.

Saa ya chakula cha mchana nilikuta mtu amesimama kando ya mashine yangu. Mbarbaig, shuka begani, fimbo, mguu mmoja umekanyagia goti la mwingine. Nikajua ni ugomvi wa malisho. Hawa ndio waliokuwa wakichunga hapa kabla ya ngano, na walinzi wa shamba wanawafukuza ng'ombe wao kila siku. Nikashika spana, kwa usalama.

Akanisalimu vizuri. Akasema anaitwa Gidamis. Akatoa kibuyu kidogo cha asali, akanipa kwa mikono miwili.

Kiswahili chake ni cha kuokota neno moja moja, lakini nilielewa yote. Kwao mzee mkubwa akifa humjengea kaburi la kilima cha udongo. Wanakijenga miezi, ukoo mzima, wanatia na nyimbo humo. Baba yake alizikwa hivyo, hapa, kabla ya mashamba. Halafu yakaja matrekta. Kilima kimesawazishwa, jembe la chuma limepita, mwaka baada ya mwaka, hadi yeye mwenyewe akaja mara nne asipaone. Jana akapita na ng'ombe kule barabarani. Akaona upande ule ngano yote imekatwa, na mahali pamoja imesimama. Akapima kwa macho na kilele cha Hanang. Akapima na ziwa. Ni pale!

Akanyoosha fimbo. Kisiwa cha Jumatano.

Akasema: Wewe umekwepa. Miaka yote hakuna aliyekwepa. Wewe umemwona.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Namwomba Mungu awe shahidi, niliufungua kwa nia hiyo. Nikajisikia nasema: Ndiyo, ndugu yangu, heshima ni heshima.

Mdomo huu!

Akashika bega langu. Kasema mama yake macho yanakwisha, na miguu pia. Atamleta Jumamosi amuage mumewe kabla mashine nyingine hazijaja.

Nimeingia humo mara tatu.

Ijumaa, 5 Agosti.

Asubuhi niliacha kisiwa kingine, sikuwa na njia nyingine. Kwa hiyo sasa viko vinne: cha Jumanne, cha Jumatano (Mungu nisamehe), cha Alhamisi na cha leo.

Mchana mashine zilipozimwa nikaenda stoo kuazima chepe. Zubery wa stoo, mtu wa Katesh, akauliza la nini. Nikasema nakwenda kusali. Akanitazama sana. Ni Ijumaa, yeye ndiye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na hakuna dini niijuayo inayosali na chepe. Akanipa.

Nikaingia kisiwa cha Jumatano kwa magoti. Kwanza nikamsalimu. Nilisema shikamoo mzee. Nikangoja. Hakujibu, na sikustahili kujibiwa. Nikamwambia mimi ni Sulle wa Endasak, nina matatizo, sikujua ni nyumbani kwa mtu.

Halafu nikachimba. Nimechota kila kitu na udongo wake, nikabeba kwenye gunia hadi kisiwa cha Alhamisi, mara tatu, nimeinama kama mwizi. Nikarudi nikasawazisha kwa mikono. Nilitafuta dalili ya kilima. Hakuna. Udongo bapa kama meza. Labda ni pale, labda ni hatua mia kutoka pale. Anayejua ni mzee peke yake.

Hapo hapo tumbo likanishika. Kushoto, chini, kukamua! Katika maisha yangu ni mara ya kwanza nimebanwa nikiwa ndani ya choo na siruhusiwi kukitumia. Niliuma kola ya shati. Nilijikunja juu ya udongo ule, goti kifuani, nikahesabu hadi mia mbili na kitu. Maumivu hayakupita. Yalipungua tu. Nikatambaa.

Jioni Hermani kaniita. Kasema mawe yamekuwa manne, yanazaana? Jumatatu analeta trekta na mnyororo ayang'oe. Halafu akapunguza sauti. Akasema Ndugu Sulle, mwaka huu watu wanakamatwa, wahujumu wa uchumi, nami sitaki kusikia kwamba ngano ya serikali imeachwa imesimama kwa ajili ya walanguzi. Nicodemo alikuwa mlangoni, anatafuna.

Jumamosi, 6 Agosti.

Kazi iliisha saa sita. Wenzangu waliondoka na trela kwenda Katesh. Mimi nikasema nabaki kupaka grisi.

Wakaja saa nane. Gidamis mbele, mama yake nyuma ameshika ncha ya fimbo ya mwanawe. Bibi mdogo wa umbo, mkavu, vazi la ngozi, bangili hadi kiwiko. Wametembea tangu alfajiri. Nikampa shikamoo. Kiswahili hajui, lakini aliinua kiganja nikajua imefika.

Gidamis aliingia kwanza ndani ya ngano peke yake, akakaa kidogo. Akatoka. Akamwingiza mama.

Mimi nilisimama nje, kofia mkononi. Sikuona kitu, masuke tu. Nilisikia. Aliimba kwa sauti ya chini, wimbo mmoja unaorudi na kurudi. Halafu akaongea. Aliongea kwa kirefu, kama mtu anayetoa habari za nyumbani: nani kaoa, ng'ombe gani kafa, mvua. Lugha yao siijui lakini habari za nyumbani mtu anazitambua. Kuna mahali alicheka. Nadhani alimkumbusha mzee jambo. Nikageukia mashine nikapaka grisi mahali palipokwisha pakwa.

Alipotoka, Gidamis akaleta kibuyu cha maziwa ya mgando. Ni yangu. Shukrani. Maziwa! Mimi nikinusa maziwa tu natafuta njia ya kutokea. Lakini bibi alikuwa amesimama, uso ameuelekeza kwangu, anasikiliza kama nameza. Nikameza. Yote. Hadi vipande vya chini vya ule mkaa wanaosafishia kibuyu.

Haikuchukua muda. Likanguruma. Bibi akasikia. Akanyoosha mkono, akapapasa, akauweka juu ya shati langu, pale pale, kushoto chini ya kitovu. Nani alimwonyesha? Akamwuliza mwanawe kitu. Gidamis akatafsiri: mama anauliza limekaa muda gani.

Nikasema miaka mitatu.

Bibi akasema neno moja. Gidamis akasema: amesema pole.

Basi. Hakuuliza nimekula nini. Hakuuliza nani kaniroga. Mkono ulikuwa mzito na wa moto. Nilitaka uendelee kukaa pale, lakini maziwa yalikuwa na haraka. Nikawaaga kwa mbio. Kisiwa cha Ijumaa.

Jumapili, 7 Agosti. Endasak.

Nyumbani. Misa nilikaa benchi la mwisho, ukingoni, karibu na mlango, kama ninavyokaa miaka yote mitatu. Leo Padre kahubiri habari za mtoza ushuru aliyesimama nyuma kwa unyenyekevu, na katikati ya mahubiri akaninyooshea kidole mimi! Kasema tazameni, mtu anaendesha mashine ya serikali lakini hapendi mbele. Kanisa zima likageuka. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wakati wa komunyo nilikuwa nje nyuma ya migomba.

Kornelia hajadanganyika. Mke wangu huyu hasemi sana. Mchana alipasha jiwe motoni, akalifunga kwenye kanga kuukuu, akaniwekea tumboni. Fransiska, binti yetu, akaambiwa asiniletee hesabu zake za shule leo. Nilimweleza Kornelia yote, tangu kisiwa cha kwanza hadi bibi. Alicheka hadi akajifuta macho, halafu akaendelea kuyafuta na kicheko kimekwisha.

Akaniambia: Baba Fransiska, kesho mwambie Hermani unaumwa. Mwambie tu. Mtu akikuuliza unaumwa, jibu ndiyo. Ni neno fupi.

Nimemwahidi. Nimeapa kwa mkono juu ya jiwe la moto.

Jumatatu, 8 Agosti.

Nimeshuka.

Trekta lilikuja saa tatu na mnyororo. Hermani, Nicodemo, madereva wote, na Zubery wa stoo ambaye sijui alitafuta nini. Ilikuwa nafasi ya kusema lile neno fupi. Nikasema: mzee, mawe ya huku ni ya chini kwa chini, mnyororo hautayapata.

Dereva wa trekta akaingia kisiwa cha Alhamisi na nondo, kutafuta jiwe. Halafu tukasikia tusi. Akatoka anaburuta kiatu kwenye mabua, anaburuta, anaburuta.

Walicheka! Mungu wangu! Mmoja alilala chini kabisa. Zubery akasema kumbe ndiyo ile sala. Nicodemo akashika tairi la mashine yangu asianguke. Hata Hermani alicheka, na uhujumu wa uchumi ukaishia hapo, kwa sababu hakuna mlanguzi duniani wa mali ile. Nami nilicheka. Nikapiga saluti. Nikasema hii ni mbolea kwa msimu ujao. Walipiga makofi. Ningekuwa mtu wa jukwaa mimi.

Hermani akafuta macho akasema haya, panda, kata vyote vinne, yaishe. Kiti sikunyang'anyi! Alisema hivyo. Kicheko kilikuwa kimemlainisha.

Nikakata cha Jumanne. Nikakata cha Alhamisi. Cha Ijumaa. Nikageuza, nikakielekea kile cha Jumatano, visu vimeshuka, hatua ishirini, hatua kumi.

Gidamis alikuwa barabarani na ng'ombe wake. Hakupiga kelele, hakuinua fimbo. Alisimama tu.

Mkono wangu ukavuta. Visu vikapanda. Nikazunguka.

Hermani akaja akikimbia. Akauliza hicho nacho nini. Nikasema hicho ni kaburi, mzee. Wakaanza kucheka upya, na safari hii sikupiga saluti. Nikasema kuna mzee wa watu humo. Akasema katika shamba hili hakuna kaburi kwenye ramani. Nikasema najua. Akaniambia nikate. Nikasema siwezi. Akasema Sulle, unacheza. Nikasema, mzee, kila siku nacheza, leo sichezi.

Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo.

Nilishuka ngazi za Namba Saba kinyumenyume kama nilivyofundishwa. Ngazi tano. Tumbo halikuuma hata kidogo. Lilichagua leo.

Jumanne, 9 Agosti.

Niko magunia. Yanabebwa shingoni, kilo tisini, kutoka ghala hadi lori.

Nicodemo amekikata kisiwa cha Jumatano saa nne asubuhi. Nilikuwa juu ya ubao na gunia shingoni, nikaona. Mzunguko mmoja. Ngano ilikuwepo, halafu ilikuwa vumbi. Hakuninyooshea kidole wala kupiga honi. Ilikuwa afadhali angepiga.

Mchana Gidamis akaja ghalani, akasimama kwa mguu mmoja. Nilijua lazima nimwambie. Alikuwa amepoteza kaburi mara mbili, asibaki na rafiki wa uongo juu yake. Nikatua gunia. Nikasema: Gidamis, mimi sikumwona baba yako. Sikujua. Nilikuwa naumwa tumbo, natafuta mahali pa kujificha. Niliingia pale kujisaidia. Mara tatu.

Ndiyo, nililia. Mbele ya wabeba magunia, na vumbi halikuwepo.

Halafu akasema anajua.

Nikauliza anajua vipi. Akanishangaa. Akasema: mimi mchunga ng'ombe. Kinyesi ndiyo kitabu changu. Siku ile ya kwanza niliingia, nikaona, nikajua kuna mtu mgonjwa. Nikataka kuondoka na hasira. Halafu nikasema mgonjwa ameacha ngano imesimama pale, wazima hawajawahi kuiacha. Asali nikakuletea. Nikangoja nione utafanya nini.

Jumamosi aliingia kwanza peke yake, akakuta pamesafishwa, udongo umesawazishwa kwa vidole. Aliona alama za vidole. Ndipo akamwita mama.

Nikamwambia na sasa kisiwa hakipo tena. Akasema mama ameshaongea naye. Aliyeongea ameongea. Akanigusa bega, akaenda na ng'ombe wake. Walinzi wakaanza kupiga filimbi.

Sasa nimekaa juu ya gunia naandika. Mtu alijua aibu yangu yote tangu siku ya kwanza, akaniletea asali. Hili ni funzo kubwa. Nimelipigia mstari chini, mara mbili. Kuanzia leo Sulle ni mtu wa ukweli.

Ijumaa, 12 Agosti.

Jana nilianguka na gunia. Siyo vibaya, ubao ulikuwa na umande. Kushoto kulikuwa kunakamua na mguu ukakosa nguvu. Niliwaambia umande.

Kornelia alisikia huko Endasak, akaja kwa miguu na trela la watu, amefika leo saa tano na kikapu cha viazi vya kuchemsha. Alikuwa amekaa kando ya ghala Hermani alipokuja.

Hermani hakuja kwa ukali. Alivua kofia kwa ajili ya Kornelia. Kasema ameongea na wakubwa, ya kaburi yameisha, yeye mwenyewe ana wazee waliozikwa sehemu na haipendi habari ile ilivyokwenda. Kasema zipo nafasi mbili. Moja ni stoo kwa Zubery, kazi ya kukaa, choo kiko mlango wa pili. Ya pili ni lori jipya la kupeleka ngano Arusha, dereva amehama, linataka mtu mwenye afya kabisa.

Halafu akaniangalia usoni. Mtu mwema yule, sikujua. Akauliza taratibu, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango: Sulle, sema tu, unaumwa?

Niliona Kornelia ameacha kumenya kiazi.

Lori! Jipya! Kabini ina kioo cha kujitazama, Arusha naijua kama kiganja, baba yangu atasema nini mnadani! Nikajisikia nasema: Mimi? Mzee, tumbo hili ni chuma cha reli.

Hermani akavaa tena kofia yake. Akasema sawa, basi, kama ni hivyo. Akanipa ufunguo. Akaniambia sheria ni moja tu: lori la ngano halisimami njiani hata dakika moja, kuanzia hapa hadi Arusha, kwa ajili ya wezi.

Nikamwambia safi sana, mzee, hata mimi sipendi kusimamasimama.

Kornelia amefunga kikapu chake. Hajasema kitu tangu saa tano. Lori linaondoka kesho alfajiri, mwendo wa saa tisa kwenye vumbi. Nadhani amefurahi mno.